Vijana wa Kompyuta Wanatafuta Nini Kwenye Ngazi Zangu?

Jumatatu, 3 Machi

Naanza kuandika leo. Nimechukua daftari la stoo, lile la sabuni na mifagio, nikaligeuza nyuma mbele. Kama kuna mtu atanigeuka katika ofisi hii, na yupo, nitakuwa na ushahidi wenye tarehe. Niliishia darasa la sita, lakini macho sikuyaacha shuleni.

Kazi yangu: nafagia, napiga deki, nabadilisha balbu, nazibua choo, nabeba kila kizito. Ofisi ni ya vijana wanaotengeneza programu za simu. Walikuwa tisa, sasa sita. Jengo lilikuwa ghala la magunia. Kushoto yuko fundi wa kuchomelea mageti. Kulia kiwanja kitupu, majani na paka. Nyuma kuna tangi la maji, ngazi tatu za saruji, na chumba changu.

Chumba kina dirisha, mlango, na kitasa kinachofunga kwa ndani. Miaka kumi na moja niko mbali na nyumbani, na hiki ndicho chumba cha kwanza ninacholala bila kusikia wanaume wengine wanne wakikoroma. Mama watoto amekubali kuja kukaa nami mwisho wa mwezi. Nilimwandikia habari za kitasa. Hilo ndilo lililomlainisha.

Leo Meneja kafunga mlango wake akaongea na simu. Mtu mwema hafungi mlango. Nikapiga deki pale pale kizingitini dakika arobaini. Sakafu ile haijawahi kung'aa hivyo.

Nilichosikia: kijana wa tatu kaacha kazi. Wote watatu wamekimbilia Jengo la Vioo, kule mlimani. Meneja akalalamika kwamba kijana mwenye kipaji anagombewa na watu kumi, basi kwa nini achague kuja kukaa baina ya cheche za moto na paka? Akasema labda dawa ni sisi wenyewe kuhamia huko huko, orofa ya tisa. Kisha akasema neno lililonikaushia deki mkononi. Kule wafagiaji huja na jengo.

Huja na jengo! Kama milango!

Nilipotoka, Mlinzi wa getini alikuwa anacheka peke yake. Anajua kitu yule.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata habari kamili, na nimezipata bila kuuliza. Amenipa Miwani, yule kijana mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

Kuna dada mmoja anaitwa Bingwa. Hilo si jina lake, wanamwita hivyo kwa heshima, kama mpiga mpira. Kila kampuni inamtaka. Wiki ijayo atakuja kufanya kazi hapa siku tatu, kutuonja. Akikubali kubaki, hatuhami, maana wengine watamfuata kama siafu. Akikataa, Ijumaa tarehe 14 Meneja anasaini mkataba wa pango na Jengo la Vioo.

Kwa hiyo chumba changu kimo mikononi mwa mtu nisiyemjua. Na mama watoto ameshaanza kufunga mizigo.

Jambo jingine, na hili naliandika kwa herufi kubwa kichwani. Baada ya kunipa habari hizo, Miwani hakuondoka. Aliketi na mimi kwenye ngazi za nyuma akaanza kunieleza tatizo la kazi yake. Sijui maombi ya wateja yanapangwa foleni, sijui la pili linatangulia la kwanza. Sikuambulia kitu. Nikasema ehe. Akaendelea. Nikasema halafu? Akajipiga kofi kwenye paji la uso, akakimbilia ndani. Hata asante hakuna.

Si mara ya kwanza. Wote sita huja. Huja mmoja mmoja, hawaji wawili hata siku moja. Wananieleza mambo nisiyoyajua, kisha wanakurupuka. Nani anawatuma? Nadhani Meneja anahesabu muda ninaoketi. Kuanzia leo nitaketi na ufagio mkononi.

Alhamisi, 6 Machi

Mwindaji kwanza hutazama nyayo. Leo nimekwenda mwenyewe Jengo la Vioo kuchunguza linawavutia vijana kwa kitu gani, ili nije nikiweke hapa kwetu.

Nilibeba boksi tupu la printa. Mtu aliyebeba boksi haulizwi kitu. Wanaume wenye tai walinifungulia milango.

Orofa ya tisa, kimya kama chumba cha mtihani. Maua kwenye vyungu kila kona (nilibonyeza moja: plastiki). Kuta zimeandikwaandikwa na hakuna anayegombezwa. Na sakafuni kuna mifuko mikubwa laini, vijana wamezama ndani yake kama kuku walioatamia. Kila ukuta ni kioo. Nikiwa bado kwenye lifti niliona mtu wa mwisho kabisa akijichokonoa pua, na yeye akaona nimemwona.

Nikaandika kichwani: mifuko, maua, kimya.

Hapo akatokea mfagiaji wa kule. Ana sare! Ana kitambulisho shingoni! Akaniuliza mzigo wa nani. Nikamwambia wa bosi. Bosi yupi? Nikamwambia mkubwa. Akasema bosi mkubwa wa hapa ni mwanamke na yuko safarini. Akalipokea boksi anisaidie, likapaa juu mikononi mwake kwa wepesi. Tukatazamana.

Nilishuka orofa tisa kwa miguu. Magoti yanauma hadi sasa. Boksi nimeliacha.

Boksi lilikuwa na jina la ofisi yetu ubavuni.

Ijumaa, 7 Machi

Meneja kapigiwa simu na Jengo la Vioo. Nilikuwa nafuta kioo cha mlango wake, kioo kisicho na doa. Wamemwambia wamepokea boksi lake la kwanza na wamefurahi kuona ameanza kuhamia. Nilidhani atachukia. Akafurahi! Akasema hao ni watu waungwana, wamemtunzia hata boksi tupu.

Kwa hiyo nimewafanyia kazi wao. Miguu yangu mwenyewe.

Mlinzi kaniuliza mbona nachechemea. Nikamwambia baridi. Akasema baridi gani inayoingia kwenye magoti ya mtu saa ile ile boksi la printa linapotea stoo. Mtu huyu ni hatari.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kazi kweli kweli.

Kwanza, kimya. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea nikamwomba asichomelee Jumanne, Jumatano wala Alhamisi. Akaweka chini miwani yake ya giza akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia sijasikia kitu. Akasema mtu hamwombi fundi anyamaze siku tatu bila sababu, labda kuna wakaguzi wanakuja. Nikaapa. Akasema haya, lakini na mimi nimsaidie: kila alfajiri wiki nzima nikamshikie mageti anapopiga rangi. Nimekubali. Mgongo wangu haukuulizwa.

Pili, mifuko. Hili jengo lilikuwa ghala la magunia, na stoo bado yamo saba. Nikayafua, nikayaanika, nikayajaza maranda kwa seremala wa mtaa wa pili. Maranda hayana mwenyewe. Nikayashona kwa sindano kubwa. Nikakalia moja kujaribu. Laini! Yananuka mbao mpya. Wale wa vioo wana mifuko tu, sisi tuna mifuko yenye harufu.

Tatu, maua. Nimeng'oa majani kiwanjani nikapanda kwenye makopo ya rangi. Yetu yatakuwa hai.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi vijana wakaingia wakakuta magunia saba yamepangwa duara. Hakuna aliyeketi. Wakayazunguka kama ng'ombe wanaoonyeshwa daraja. Nikamwona Meneja anatabasamu, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Akasema kama kiongozi atakuwa wa kwanza. Meneja si mtu mwembamba. Akajitupa.

Mshono ulitoka wote kwa pamoja. Sauti kama shuka linalochanwa.

Na feni kubwa ilikuwa inazunguka.

Sitaki kuandika mengi. Maranda yaliingia kwenye kompyuta, kwenye vikombe, kwenye nywele za Meneja, kwenye miwani zote mbili za Miwani. Tulipuliza vitufe kimoja kimoja kwa pampu ya baiskeli mpaka saa tisa. Kijana mmoja alipiga chafya thelathini na moja. Wenzake walikuwa wanahesabu kwa sauti.

Meneja kaniita akasema polepole, kwa upole mkubwa, kwamba anashukuru moyo wangu, ila mpaka Ijumaa nisiguse kitu chochote.

Mfagiaji asiguse kitu! Wanaofukuza mtu huanzia hapo hapo.

Maua yamenyauka yote.

Jumanne, 11 Machi

Bingwa amefika.

Nilikuwa nangoja gari. Amekuja kwa miguu, mwanamke mfupi, viatu vya raba, begi mgongoni limefifia rangi. Akamsalimu Mlinzi, kisha akanipa mimi shikamoo. Mtu anayegombewa na kampuni kumi anampa mfagiaji shikamoo ya nini? Nikaitikia marahaba nusu, nusu nikaibakiza.

Kisha akaanza kuuliza. Jua la mchana linaingia dirisha lipi. Umeme hukatika mara ngapi. Vijana wanakaa mitaa gani, wanaweza kuja kwa miguu. Yule fundi jirani hupiga kelele saa ngapi. Kila swali nikajibu sijui. Hayo si maswali ya mtu anayetafuta kazi. Ni ya mtu anayepima nyumba ya mwenzake.

Saa tisa alasiri nimeketi zangu kwenye ngazi, ufagio mkononi kama nilivyopanga. Akaja. Akaketi ngazi ya chini, mimi ya juu. Akaanza kunieleza. Orodha mbili, moja ya walioingia, moja ya waliotoka, zinakutana mahali, na mtu mmoja anahesabiwa mara mbili. Akachora vumbini kwa kidole. Nikasema ehe. Akachora tena. Nilikuwa namtazama mikono, maana mtu akikudanganya mikono husema. Nikasema halafu?

Akafuta mchoro wake kwa kiganja. Akacheka peke yake, akasema Mungu akuweke mzee wangu, akakimbia.

Sasa nimeelewa. Ni mpelelezi wa Jengo la Vioo. Wamelifuatilia boksi.

Jumatano, 12 Machi

Mpango: asinipate tena. Nikamwazima Mlinzi ngazi zangu. Simpendi, lakini dawa ya moto ni moto. Nikamwambia akae pale, dada akija amchunguze anataka nini, mimi nitakuwa nyuma ya tangi nasikiliza. Mlinzi akasema kumbe siku hizi namtegemea. Nikameza.

Saa nne Bingwa akaja. Akasita kidogo, akaketi, akaanza. Hakumaliza sentensi mbili. Mlinzi akamwambia tatizo hilo analijua, simu ya binamu yake ilikuwa hivyo hivyo, waliizima wakaianika juani ikapona. Dada akajaribu tena kutoka mwanzo. Mlinzi akasema kabla hajasahau, amwambie na habari za mguu wake. Mguu ulichukua robo saa. Kisha akamshauri aolewe.

Dada akainuka, uso umefungwa kama duka lenye msiba.

Saa nane akarudi. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akinitafuta. Mlinzi alikuwa pale, sasa na kiti na redio. Akageuka. Mimi nyuma ya tangi, bomba linavuja, nimelowa mpaka magotini, nikashangilia kimoyomoyo. Mpelelezi kashindwa!

Doa moja tu. Fundi alitwanga vyuma kutwa. Nikaruka ukuta kumkumbusha ahadi. Akasema aliahidi kutochomelea. Hii ni nyundo.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa tano Meneja kaniita ofisini. Bingwa yumo. Mlango ukafungwa nyuma yangu. Meneja akaanza kwa sauti ya asali. Akasema mgeni wetu siku ya kwanza amependa kitu kimoja tu katika jengo hili, ngazi za nyuma, na mzee anayeketi pale. Jana hakumwona. Akauliza eti ni kweli naketi pale kila siku na vijana huja kuongea nami?

Nikauona mtego wazi kama sinia. Kuketi saa za kazi! Na shahidi wa nje kaletwa!

Nikakana. Nikasema ngazi hizo sizifahamu. Tangu niajiriwe sijawahi kuketi, hata chakula nakula nimesimama. Nikasema pale kuna nyigu. Nikasema saruji imeoza, na chumba kile cha nyuma kinanuka, mtu mwenye akili hawezi kukikaribia. Na huyu dada, nikasema, ndiyo kwanza namwona leo.

Bingwa akanitazama kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya jamaa yake akaambiwa jamaa alishahama. Akachukua begi lake. Meneja akashusha pumzi, akasema basi hakuna la zaidi. Mezani kulikuwa na karatasi. Nikaisoma juu chini, maana darasa la tatu tulisoma watu watano kitabu kimoja na mimi nilikaa upande wa pili. Mkataba wa pango.

Nikatoka nje nikijisifu kwamba nimeponea chupuchupu. Miwani akanikuta kwenye ngazi, macho mekundu. Akaniuliza mzee umefanya nini.

Akanieleza yote, na safari hii hakukimbia. Bingwa ameshawahi kufanya kazi Jengo la Vioo. Kule, alisema, ukikwama kila mtu anakuona umekwama, maana kuta ni vioo, na kila anayepita nyuma yako ana ushauri. Hakuna pa kwenda na wazo ambalo bado ni nusu. Alitaka mahali ambapo mtu anaweza kusema jambo lake mpaka mwisho, maana ukilisema mpaka mwisho unaliona kosa mwenyewe. Jumanne aliliona la kwake, alilokuwa akilitafuta wiki mbili. Jumatano akamkuta Mlinzi. Leo alimwomba Meneja amhakikishie tu kwamba yule mzee wa ngazi yupo kweli. Akiwepo, anabaki.

Nami nikasema sipo.

Nimejipalia makaa mwenyewe, kwa koleo langu mwenyewe. Jioni mama watoto kapiga simu. Ameshaaga mtaa mzima. Amewaambia wote habari za kitasa. Nikamwambia vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Meneja. Hakuwepo. Mlinzi akasema ametoka kwenda kusaini. Nikamuuliza kwa gari? Akasema gari bovu, anatembea, yuko hapo kona.

Nilikimbia. Magoti yale yale. Nikampata kwenye kivuko cha barabara, mkataba kwapani. Nikamwambia naketi! Akaniuliza nini. Nikapiga kelele barabarani kwamba naketi, naketi kila siku, tangu mwaka jana naketi, siku nyingine naketi mara mbili! Watu wakasimama. Mama mmoja akaniambia kwa huruma basi baba, keti hapa.

Meneja akasema jana nilikana, leo nakiri, amwamini yupi? Nikamwambia nina ushahidi wenye tarehe. Nikatoa daftari hili. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Nikataka kuruka niende tarehe 4, Miwani na foleni yake, kisha tarehe 11, lakini mtu asiyezoea kusoma mbele za watu haruki, anafuata mstari. Nikasoma deki ya dakika arobaini. Nikasoma boksi. Nikasoma orofa tisa. Nilijisikia nasoma "Meneja si mtu mwembamba" na sikuweza kuacha.

Nikangoja kufukuzwa hapo hapo kivukoni.

Meneja akaegemea nguzo ya taa akacheka mpaka mkataba ukaanguka. Akampigia Bingwa simu, akaniwekea mdomoni, akasema soma. Nikamsomea siku yake yote, pamoja na shikamoo niliyoitikia nusu, pamoja na neno mpelelezi. Nilipofika mwisho akauliza ni nini nilichokielewa katika habari za orodha mbili. Nikamwambia ukweli, hakuna. Akauliza mbona sikumpa ushauri, kila mtu humpa. Nikamwambia mtu anashauri vipi kitu asichokijua?

Akasema Jumatatu anaanza kazi.

Mkataba tulifungia mkate njiani.

Jumatatu, 17 Machi

Bingwa ameanza. Vijana wawili wa Jengo la Vioo wamepiga simu kuuliza kama nafasi zao bado zipo. Meneja anaimba kwenye korido.

Na mimi nimepewa agizo jipya, limeandikwa, limepigwa muhuri. Kila siku saa nne mpaka saa sita niketi kwenye ngazi za nyuma. Basi. Kufagia baadaye. Chumba kitapakwa rangi. Mlinzi amekatazwa kufika nyuma ya jengo, yeye na mguu wake.

Wote wananipongeza. Wananishika mkono. Nimerudi chumbani nikaketi kitandani nikafikiri sana. Miaka kumi na moja nimebeba, nimechimba, nimefagia. Kiumbe pekee niliyewahi kumwona analishwa kwa kukaa tu ni fahali wa kuchinjwa.

Wanataka nini?

Jumapili, 30 Machi

Mama watoto alifika jana. Amezeeka kidogo, na mimi nimezeeka zaidi, tulichekana. Alifunga kitasa, akafungua, akafunga. Akakaa kitandani akavua viatu. Akasema ni chumba.

Leo akaniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nikamwambia naketi. Akaniuliza na baada ya kuketi? Nikamwambia naitikia. Akasema kama nina mwanamke mwingine nimwambie tu.

Basi nikamweleza yote. Nikamwambia hali hii haiwezi kudumu, mtu halipwi bure, siku moja watagundua kwamba sijui kitu, na hiki chumba kitakwenda. Kwa hiyo nimeamua. Kuanzia kesho sitasema tena ehe na halafu kama mbumbumbu. Nitajibu. Kila atakayeketi pale ataondoka na ushauri wangu, atake asitake. Nimeshakubaliana na Mlinzi anifundishe, yule ana jibu la kila kitu. Fundi naye kaniahidi machache kuhusu mitambo. Bingwa nitaanza naye saa nne kamili.

Mama watoto akasema baba, nakuomba, nyamaza hivyo hivyo ulivyokuwa unanyamaza. Akasema tena. Mara tatu.

Mbona ana haraka hivyo ninyamaze? Amefika jana tu. Asubuhi alikwenda getini kuuliza maji yanafunguliwa saa ngapi, na alikaa huko dakika kumi. Aliporudi nikamsikia Mlinzi kwa mbali anamwita shemeji.

Nimechonga penseli upya. Naanza kumwandika na yeye.